Balozi zaidi ng'ambo: mkulima na mfanyabiashara wa huku kwetu atafaidi nini?

Maswali mengi yaliyonifikia yanahusu Kenya kufungua balozi zaidi nje kwa ajili ya biashara. Nimejibu haya.

*Nalima parachichi aina ya Hass huku Bahati, Nakuru. Ubalozi utaniuzia?*

Kukuuzia, hapana. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara ya faida yake katika nchi alikotumwa. Kazi ya mwambata wa biashara, yaani afisa wa ubalozi anayeshughulikia biashara, ni kukuunganisha na waagizaji, kukueleza masharti ya soko na kusukuma mazungumzo yanapokwama. Tazama China. Mwaka 2019 ilikubali parachichi zetu, lakini kwa sharti zimenywe na kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mkulima gani mdogo wa Bahati ana mtambo wa hivyo? Mazungumzo yaliendelea hadi Januari 2022, itifaki ya parachichi nzima zisizogandishwa ikatiwa saini, na Agosti mwaka huo shehena za kwanza zikaondoka. Kusema kweli, kazi kama hiyo mkulima hawezi kujifanyia. Sehemu yako ni kuhakikisha shamba limesajiliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na kuacha kuchuma changa. Changa zikifika sokoni zinawaharibia jina hata majirani zako.

*Nafanya biashara ya samaki Kisumu. Ulaya ilipotufungia soko, si tulikuwa na ubalozi Brussels? Ulitusaidia nini?*

Uchungu wako naujua. Kuanzia 1997 mbuta wa Ziwa Victoria alizuiwa mara kwa mara: kwanza ni salmonela, 1998 ikawa kipindupindu, 1999 ikawa hofu ya watu kuvua kwa kumwaga sumu ya wadudu majini. Viwanda vya minofu vikakosa kazi, na mvuvi ufuoni akauza kwa bei ya kutupa.

Kuhusu kipindupindu tulionewa. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema kuzuia vyakula kwa sababu hiyo hakufai, na hoja ya namna hiyo ndiyo ubalozi hupaswa kuibeba hadi mezani. Lakini sumu haijibiwi kwa barua ya balozi. Inajibiwa na maabara, na mkaguzi ambaye cheti chake kinaaminika. Soko lilifunguka tena mwishoni mwa 2000, baada ya ukaguzi wetu kurekebishwa. Kwa hiyo serikali ikitangaza ubalozi mpya, ulizeni pia kuhusu barafu, maji safi na sakafu ya kupokelea samaki pale ufuoni.

*Naleta maharage kutoka Uganda kupitia Busia. Hili linanihusu?*

Kidogo sana. Mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulio kwenye orodha ya pamoja ya bidhaa na usiozidi dola 2,000, hupata cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha mzigo ulikozalishwa) palepale mpakani. Kiombe kwa maafisa wa forodha, wala usimlipe dalali.

*Maua ya Naivasha yanatoka kaunti yetu. Mbona Nakuru isifungue ofisi yake Ulaya?*

Jedwali la Nne la Katiba limeweka mambo ya nje na biashara ya kimataifa chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti imeachiwa kilimo, vyama vya ushirika na barabara zake, na hapo kazi ni tele.

*Si huku ni kuwatafutia wanasiasa walioshindwa vyeo kwa kodi yetu?*

Ubalozi ukiwa na balozi, dereva na bendera bila mwambata wa biashara anayejua chai, maua na samaki, mimi naupinga. Heri kuongeza mwambata kwenye ubalozi uliopo tayari. Katiba inataka kila balozi aidhinishwe na Bunge la Taifa kabla ya kuteuliwa. Majina yakifika bungeni, mpigie mbunge wako simu umtake amuulize mteule huyo ni bidhaa gani ya Kenya atakayoitafutia soko, na kwa nani.