Mtoto ana tundu kwenye moyo, akinyonya anachoka

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miezi 4 kazaliwa na tundu kwenye moyo, akinyonya kidogo tu jasho linamtoka kichwani anaachia titi analala, uzito nao hauongezeki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Huyo sio mvivu, kunyonya kwake ni kazi nzito kama kupanda mlima. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, kichwa kiwe juu, ila mrudishe kwa daktari wa moyo sasa hivi usisubiri tarehe ya kliniki, maana hilo jasho na uzito kugoma inaweza kuwa moyo unazidiwa na kazi, ila dawa za kuusaidia zipo. Matundu madogo mengi hujiziba yenyewe, makubwa ndo yanahitaji opresheni. Midomo ikigeuka bluu au mbavu zikibonyea akipumua, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Na chanjo asikose jamani.