Bandama imenywea, je, uboho umepona?

Swali: Mama yangu ana CML, saratani ya damu. Alipoanza imatinib bandama ilifika kitovuni. Sasa ni mwezi wa nne, tumbo limerudi na chembe nyeupe ni za kawaida. Dawa inamletea kichefuchefu. Anaweza kumeza siku moja, akaruka siku moja?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Asiruke. Bandama na hesabu ya damu ndivyo hutulia kwanza, na ndivyo vinavyowadanganya wagonjwa wengi. Katika CML, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi, ikazaliwa jeni iitwayo BCR-ABL inayoamuru uboho uzalishe chembe nyeupe bila kukoma. Uboho ukifurika, chembe huenda kujazana kwenye bandama. Imatinib huzima amri hiyo; seli mama (zinazozaa chembe za damu) zenye hitilafu bado zimo ubohoni.

Hali ya uboho huonyeshwa na kipimo cha BCR-ABL, na damu ya mkononi inatosha. Baadhi ya maabara hukifanya kwa GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu. Matarajio ni BCR-ABL iwe asilimia 10 au chini mwezi wa 3, 1 mwezi wa 6, na 0.1 mwezi wa 12. Kama mwezi wa 3 ulipita bila kipimo, apimwe wiki hii. Kurukaruka dozi hupandisha kiwango hicho, na ugonjwa ukigeuka kuwa mkali ni vigumu kuurudisha.

Kichefuchefu kina dawa yake: ameze imatinib yake ya miligramu 400 katikati ya mlo mkubwa wa siku, kwa glasi kubwa ya maji, si tumbo tupu. Akianzishiwa dawa za TB, aseme anatumia imatinib, kwa sababu rifampisini huipunguza nguvu.

Daktari ndiye husimamisha dawa kwa muda, neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zikishuka chini ya bilioni 1.0 kwa lita ya damu au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya bilioni 50, na huirudisha zikifika 1.5 na 75. Kushuka huko hutokea zaidi miezi ya mwanzo: seli zenye afya za uboho zilibanwa muda mrefu, huchelewa kushika kazi. Homa wakati huo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mnadhani ni malaria.

Kuacha kabisa huzungumzwa baada ya angalau miaka 3 ya dawa, 2 kati yake BCR-ABL ikiwa asilimia 0.01 au chini. Hata hapo karibu nusu hurudiwa na ugonjwa, wengi ndani ya miezi 6. Pasipo kipimo cha kila mwezi, daktari makini hatakubali.