Nyenje asizidi tumbo la buibui

Tarantula wangu wa kwanza, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, aliuawa na nyenje, na nyenje huyo nilimtia mimi mwenyewe kwenye chombo chake, jioni, nikaenda kulala.

Fundi mmoja aliyekuwa akichimba msingi Ihumwa, hapa Dodoma, ndiye aliyeniletea buibui yule, ndani ya kopo la rangi. Baada ya miezi kadhaa akagoma kula. Siku kumi hagusi kitu. Nikadhani nampa vitu vidogo mno, nikamtafutia nyenje mweusi, mnene, karibu sawa na mwili wake mzima. Asubuhi nilimkuta amelala chali, gamba la zamani pembeni, mwili mpya umepauka na kulegea kama uji ulioanza kuganda. Nyenje amemkalia tumboni, anatafuna. Hakufika jioni.

Tangu siku hiyo napima. Mlo hai usizidi urefu wa tumbo la buibui, yaani lile fungu la nyuma peke yake. Miguu usiihesabu, itakudanganya. Nakata njiti ya kiberiti urefu wa tumbo na kuibandika nje ya kioo, na kila nyenje analinganishwa na njiti kwanza. Ukisitasita, toa mdogo zaidi. Buibui kulala na njaa si tatizo.

Vitoto vilivyotoka kwenye mayai juzijuzi visipewe kitu hai kinachowashinda nguvu. Paja la nyenje au kipande cha mende aliyekwisha kufa kinatosha. Vitakifuata na kukifyonza. Panzi wana miiba kwenye miguu ya nyuma, kwa hiyo mimi huminya kichwa kwanza. Tandu, nge na vunjajungu usiwape kabisa hata wakiwa wadogo, maana hao nao ni wawindaji.

Akigoma kula, tumbo likawa jeusi kuliko kawaida, au akaziba mlango wa shimo kwa utando, huenda anajiandaa kujivua gamba. Toa kila kilicho hai, mwachie maji. Akishajivua, tazama meno yake: huanza meupe, yakawa mekundu, kisha meusi. Subiri weusi ndipo umlishe tena. Kwa wadogo ni siku tano hivi, kwa wakubwa mpaka wiki mbili. Na siku za kawaida pia, mlo usioliwa utoke kesho yake. Tumia koleo ndefu, usitumie vidole: hawa wa kwetu Afrika hawana manyoya ya kuwasha kama wenzao wa Amerika, wanajitetea kwa meno, na wanauma vibaya.

Mkubwa anatosheka na nyenje mmoja kwa wiki. Ukimzidishia, tumbo linavimba, na akianguka toka juu ya kioo linaweza kupasuka. Mvua za Desemba zikianza, kumbikumbi wanajaa kwenye taa. Ni laini na hawamdhuru, ila nampa wawili watatu tu. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa na baridi, wangu hupunguza kula na simlazimishi.

Mende wa chooni au jikoni sichukui, huenda wamepuliziwa dawa. Nyenje nawazalisha mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, pumba na vipande vya karoti, hivyo wa kila saizi wapo.

Niliye naye sasa alijivua mwezi uliopita. Jana nimembandikia njiti mpya, ile ya zamani imeshakuwa fupi.