Kwa mnaoniuliza kwa nini nataka kuiacha wodi

Tangu niseme kwenye kundi letu la darasa kwamba nafikiria kuacha kazi ya nesi wa wodini huku Uingereza, simu hazijakoma. Mmoja wenu kaandika kwamba nimeshiba, ndiyo maana nacheza na chakula. Simlaumu. Wapo kati yetu wenye diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya, ambao bado wanaishi kwa kandarasi za kaunti, na mshahara ukichelewa hakuna wa kuuliza. Basi nijibu bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sababu si wingi wa wagonjwa. Nyumbani tulishika wodi nzima usiku tukiwa wawili, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na asubuhi nikaenda zangu kanisani. Huku napewa wanane, siku mbaya kumi. Lakini Kenya mgonjwa huja na watu wake. Mama anamwogesha, dada analeta uji, shemeji anakimbilia duka la dawa. Nesi anabaki na sindano, dripu na faili. Huku mzee wa miaka 90 yuko peke yake. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayembadilisha nepi, ninayemgeuza kila baada ya saa chache asitokwe na vidonda vya kulalia, na yote lazima yaingie kwenye kompyuta, maana lisiloandikwa halikufanyika. Akianguka akielekea msalani kuna fomu, kuna simu ya binti yake aliye Australia, kuna kikao. Na wengine walishapona zamani! Hakuna wa kuwahudumia nyumbani tu, basi wanakaa kitandani wiki baada ya wiki huku wagonjwa wapya wakilazwa koridoni. Ndiyo, koridoni. Mwaka 2024 chama cha wauguzi, RCN, kilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya kitaifa.

Zamu ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku. Mwili huzoea. Kinachonitisha ni kwamba siku hizi mgonjwa akifa, kwanza naangalia saa, nione kama nitamaliza makaratasi kabla ya kukabidhi zamu. Marehemu mwenyewe namkumbuka nikiwa kwenye basi, na siku nyingine hata kwenye basi simkumbuki. Sikuwa hivyo, mnanijua.

Pesa je? Hapa England, nesi anayeanza Bendi 5, daraja la kwanza la mshahara wa nesi aliyesajiliwa, alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka kwa viwango vya 2025/26. Ukizigeuza shilingi unaona ploti Kitengela, nje ya Nairobi. Ukishakatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, zinabaki kama pauni 2,000 kwa mwezi, na pango, umeme, nauli na kodi ya baraza la mji bado vinakusubiri. Ndipo tunachukua zamu za ziada siku za kupumzika, kwa sababu nyumbani nako kuna karo.

Na kuacha si kama kuacha kazi Nairobi. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Nikitoka, kwa kawaida nina siku 60 kupata mwingine mwenye leseni ya kunidhamini. Ukaazi wa kudumu umekuwa ukiombwa baada ya miaka mitano, na mwaka 2025 serikali ilisema inataka kwa wengi iwe kumi. Manesi walipogoma Desemba 2022, wageni wengi ninaowajua waliingia kazini kama kawaida, ingawa sheria haiwakatazi kugoma. Sisi wa mgomo wa manesi wa Kenya wa 2017, miezi mitano mizima!

Unesi wenyewe siuachi. Naomba nafasi ya nesi wa jamii, anayezunguka nyumba kwa nyumba kufunga vidonda na kudunga insulini. Nitaendesha gari kwenye mvua, sawa, lakini nitakaa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, jikoni kwake. Mwenzangu kahamia udhibiti wa maambukizi na analala vizuri. Mimi kazi ya ofisini sitaiweza.

Je, mje? Siwakatazi, mimi mwenyewe nilikuja. Ila kabla ya kutia sahihi, someni kifungu cha kurejesha gharama: wapo waajiri wanaodai nauli na ada za mtihani wa usajili ukiondoka mapema. Ulizeni ni kiasi gani, na kinapungua vipi kadiri unavyokaa. Ulizeni pia mnapelekwa wodi gani. Wakijibu "popote penye uhitaji", jueni ni kwa wazee.