Usiache kazi kwanza, tazama nani anasubirishwa

Mdogo wangu, umeuliza kama uache biashara ili umtumikie Mungu kwa moyo mmoja, maana simu, vikoba, kamati za harusi na mechi za Simba na Yanga havikuachii hata nafasi ya kusali. Mimi ni mama wa familia, Mkatoliki, nakaanga samaki hapa sokoni Bagamoyo, pwani. Nakujibu kwa yale ninayoyaishi.

Kazi yenyewe haina kosa. Paulo alishona mahema Korintho, imo katika Matendo 18. Danieli alikuwa mkubwa serikalini, na bado mara tatu kwa siku alipiga magoti, madirisha yake yakielekea Yerusalemu. Watu hupenda kusimulia alivyotupwa katika tundu la simba. Mimi kinachonigusa ni mwisho wa mstari wa 10, sura ya 6: alisali kama alivyozoea tangu awali. Marufuku ya mfalme ya kumwomba Mungu ilimkuta ana desturi yake tayari.

Kwa hiyo jiulize, katika siku yako nani anasubirishwa? Mteja hasubiri, simu haisubiri, mwenyekiti wa kamati hasubiri. Anayeambiwa "baadaye" kila siku ni Mungu, na hiyo baadaye ikifika ni usiku, macho yamejaa usingizi.

Saa sita mchana mimi husali Malaika wa Bwana. Ni sala fupi, lakini saa hiyo mafuta yako motoni na watu wamesimama mezani. Nawaambia, "Nisubirini kidogo jamani, namaliza kusali," nao wanasubiri. Majirani zangu Waislamu wakienda kuswali adhuhuri, meza zao zinaangaliwa na wenzao na hakuna anayeshangaa. Mji huu umezoea watu wanaoacha shughuli kwa ajili ya Mungu. Wanaoona haya mara nyingi ni sisi Wakristo, na hilo linaniuma.

Simu hulala sebuleni, siigusi kabla ya sala ya asubuhi. Harusi natoa mchango, lakini kutoa mchango si lazima uwe mjumbe wa kila kamati. Mpira sina neno nao, tazama, ila usikupangie Jumapili.

Kigumu zaidi, na hukukitaja, ni shughuli za kanisani kwenyewe. Sare za kwaya, harambee, vikao vya jumuiya, maneno ya uchaguzi wa viongozi. Martha, yule aliyempokea Yesu nyumbani kwake, hakuwa anatenda dhambi, alikuwa anamhudumia Bwana mwenyewe, na sisi tunaopika tunaijua ile hali ya kuachiwa jiko peke yako. Yesu hakumkemea kwa kupika. Alimwambia anasumbuka kwa vitu vingi. Siku kikao cha kwaya kikikuondolea muda wa kusali, jichunguze moyoni: umesikitika, au umeona nafuu?

Halafu usidhani moyo mmoja unahitaji mahali pa kimya. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, Bagamoyo ilikuwa mji wa misafara, pembe za ndovu zikishuka kutoka bara na watu wakiuzwa. Hawakuukimbia. Walijenga misheni hapo hapo na kuwapokea waliokombolewa utumwani. Ukija kututembelea, pita misheni uone.

Anza na hiyo saa sita. Mwombe mwenzako wa meza ya jirani akushikie biashara, nawe umshikie akihitaji. Fanya hivyo Kwaresima nzima. Ukiona kazi yenyewe inakulazimisha kupunja wateja, au haikupi hata nafasi ya Misa ya Jumapili, hapo rudi tuzungumze habari ya kuiacha. Na kama kinachokusumbua ni mwito wa utawa, hilo mpelekee paroko wako, mkae naye ana kwa ana.