Feruzi iliyofifia inageuka kijani usiku: niongeze bluu?

SWALI: Nimepaka sebule feruzi iliyofifia, ile ya kati ya bluu na kijani yenye ukijivu kidogo. Mchana inapendeza, lakini usiku nikiwasha taa kuta zinakuwa kama maji ya mchicha. Fundi anataka kutia bluu kwenye ndoo iliyobaki apake mara nyingine. Nikubali? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usikubali, dada. Mwambie afunge ndoo, kisha panda kwenye stuli usome maandishi ya balbu. Ukikuta 2700K au 3000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikipanda unaelekea bluu), umempata mchawi wako. Mwanga huo wa njano una bluu kidogo sana, hivyo ukuta wenye bluu na kijani unabaki na kijani tu cha kukuonyesha. Jaribu balbu moja ya 4000K kwa usiku mmoja kabla ya kununua nyingine. Ya 6500K nayo itairudisha bluu, ila sebule itafanana na duka la dawa.

Ukimruhusu fundi aongeze bluu ili usiku ukae sawa, mchana utaamka na ukuta wa rangi ya sare za shule.

Sasa nije kwake huyo fundi, maana kazi za namna hii naitwa kuzirekebisha kila mara. Rangi iliyofifia ni nyeupe kwa sehemu kubwa. Bluu, kijani na ule weusi unaoipoza ni kidogo tu, na ndiyo maana haivumilii makosa. Rangi ya matofali ukiizidishia kidogo hakuna atakayejua. Hii ukiiongezea matone machache umeshahamia rangi nyingine. Fundi anatia rangi kali ya chupa, anakoroga kwa kijiti, anapaka kidole ukutani: "Bosi, si ndiyo hii?" Ikiwa mbichi, labda. Rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka, kwa hiyo kesho siyo hii. Anaongeza nyeupe. Imepauka. Anaongeza kijani. Ndoo ya lita 20 inakwisha ukuta mmoja haujaguswa, na hakuandika popote alichotia. Ya pili haitafanana nayo, na mahali zilipokutana utapaona kila ukikaa kwenye kochi. Akiizidisha hiyo ya chupa, rangi inachelewa kukauka, na ukifuta ukuta inabaki kwenye kitambaa.

"Mimi nachanganya kwa macho, miaka ishirini sasa." Nimelisikia hilo hadi nimechoka. Macho hayo yanapima chini ya mwanga gani? Saa nne asubuhi, madirisha hayana mapazia, ilhali mwenye nyumba anakaa sebuleni saa mbili usiku.

Anayetaka rangi za jamii hii achanganyiwe dukani kwa mashine, ndoo zote siku moja, na abaki na namba ya mchanganyo inayobandikwa kwenye mfuniko. Ndoo zikiwa mbili, zimiminwe kwenye pipa moja zikorogwe pamoja kabla ya brashi kugusa ukuta. Kabla ya hayo anunue kopo dogo, apake kipande cha hadibodi mara mbili, akiache kikauke, kisha akihamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Picha ya kwenye simu ipeleke dukani kama dokezo tu, kwa sababu kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe na ukuta wako hautoi.

Kama ulipokuwa unanisubiri fundi ameshatia bluu kwenye ndoo, usiimwage. Apake stoo.