HPV chanya, siki hasi: uamini kipi?

Dada, umeeleza kwamba kipimo cha HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kimetoka chanya, kisha ukapakwa siki kwenye mlango wa kizazi ukaambiwa "safi", na sasa hujui ushike lipi. Shika yote mawili. Kipimo cha HPV kinatafuta vinasaba vya kirusi: kipo au hakipo. Siki inatazama ngozi ya mlango wa kizazi: kirusi kimeshaiharibu au bado.

Aina za kirusi hiki zinapita 200, ila zinazoleta saratani ni kumi na kitu tu. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Timu ya Harald zur Hausen kule Ujerumani ndiyo iliyozitambua, 1983 na 1984. Wengi wetu mwili unakifukuza kirusi ndani ya miaka miwili. Kikigoma kutoka, protini zake mbili huanza kazi: E6 inaivunja p53, mlinzi anayeisimamisha seli yenye hitilafu, na E7 inaifunga Rb, inayozuia seli isigawanyike ovyo. Hata hivyo safari ya kufikia saratani ni ndefu, miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri, 5 hadi 10 kwa anayeishi na VVU bila dawa. Huo ndio muda wa kuiwahi.

Na tafadhali, msivunje ndoa kwa karatasi ya maabara. Kirusi hukaa kimya miaka mingi. Jibu chanya halisemi kimetoka kwa nani wala lini.

Sasa siki, maana hapa ndipo makosa yanapofanyika. Asidi ya asetiki iwe ya asilimia 3 hadi 5. Ute ufutwe kwanza, pamba iliyolowa siki vizuri ibandikwe pale, na anayepima asubiri dakika moja kamili kwa saa. Doa la kutilia shaka huwa jeupe zito, kingo zake zinaonekana, na linagusa mpaka ambapo ngozi ya nje yenye rangi ya waridi inakutana na ya ndani iliyo nyekundu. Weupe hafifu unaofutika upesi, au ulio mbali na mpaka huo, mara nyingi si wenyewe. Akitazama kabla ya dakika kuisha, siki ikiwa imechanganywa kwa kukisia, au taa ikiwa hafifu, doa linapita bila kuonekana. Kwa mama aliyekoma hedhi tatizo ni kubwa zaidi: mara nyingi mpaka ule umeshaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na hapo "hasi" yake haimwambii kitu. Swali la kuuliza ni hili: "Dokta, mpaka wote umeonekana?" Kama haukuonekana, omba rufaa ya kolposkopi (kutazamwa mlango wa kizazi kwa darubini) na sampuli ya ndani ya mfereji.

Kama ulionekana wote, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni kurudia HPV baada ya miezi 24. Ukiwa unaishi na VVU, miezi 12. Andika tarehe hiyo kwenye kadi yako, usiiache kichwani.

Siki ikija kuwa chanya, doa dogo linaloonekana lote huchomwa kwa joto la nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30 kila mguso, au hugandishwa dakika 3, likaachwa dakika 5, likagandishwa tena 3. Lililoingia mferejini hukatwa kwa waya wa umeme. Baadaye majimaji hutoka kwa wiki kadhaa, ni kawaida. Tendo la ndoa lisubiri wiki 4. Homa, harufu mbaya au damu ya mabonge, rudi siku hiyo hiyo. HPV hurudiwa baada ya miezi 12.

Kuhusu chanjo ya HPV uliyoiulizia: haiondoi maambukizi uliyonayo. Ila binti yako wa miaka 11 mpeleke. Chanjo ni maganda ya protini ya kirusi tu, hayana vinasaba, hayawezi kumwambukiza. Dozi moja inatosha kwa umri wake, na Tanzania inatoa hiyo moja tangu 2024. Utafiti wa KEN SHE nchini Kenya, wenye washiriki 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulikuta dozi moja inazuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Binti anayeishi na VVU apewe angalau mbili, ikiwezekana tatu.

Haya yote ni ya mtu asiye na dalili. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, usisubiri miezi 24 wala usirudie siki: nenda ukatazamwe na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa wiki hii.